Besi Niliyoisikia Mimi Peke Yangu

Wadogo zangu wa bendi, mliponiaga mlinipa blanketi na keki, mkanisifu kwa mambo ambayo mengine sikuyafanya, halafu mkaniomba niwaandikie siri za kupiga besi. Siri sina. Ninayo mambo niliyojifunza kwa kuyakosea, na jambo moja ambalo hata leo nikilikumbuka kichwa kinanizunguka. Vyeo sitavizungumzia, maana mpiga besi ana cheo kimoja tu tangu aanze mpaka astaafu: yule mama pale nyuma, karibu na dramu. Malipo nayo mnayajua.

Nilianza kwetu Mbulumbulu, kwenye kwaya ya kanisa, nikiwa na miaka kumi na tisa. Kaka aliyekuwa akipiga besi alikwenda chuo cha ualimu. Mwalimu wa kwaya akatukagua mikono sote, akanichagua mimi kwa kuwa vidole vyangu ni virefu. Jumapili yangu ya kwanza amplifaya iliwekwa sakafuni, nyuma yangu. Nikapiga wimbo wa kwanza, sikujisikia kabisa. Nikageuka, nikaongeza sauti. Wimbo wa pili, bado. Nikaongeza tena. Katikati ya wimbo wa tatu mzee wa kanisa akaja kwa kunyata, akaniinamia.

"Binti," akanong'ona, "akina mama wa nyuma wanauliza kama ni tetemeko."

Nikatazama juu. Mabati yalikuwa yanacheza kwenye misumari yake.

Amplifaya ikikaa chini inapigia magoti yako, na magoti hayana masikio. Ipandishe juu ya kiti au kreti la soda, au iegemeze ikutazame usoni. Halafu mjue kwamba sauti nzito hukomaa mbali. Wewe uliyesimama hatua mbili kutoka kwenye spika hujisikii, na mtu aliyekaa mlangoni ameshika kifua.

Baada ya miaka minne ya kwaya alinijia Mzee Shabani. Wazazi wake walitoka Singida kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani, naye alizaliwa kwenye kambi ya vibarua kulekule. Alikuwa mpiga besi na fundi wa redio, na bendi yake ya Karatu ndiyo hii mliyonikuta nayo. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa kwa baridi yabisi, akawa anatafuta mtu wa kumwachia gitaa. Alinisikia kwenye harusi moja, akaniambia nije kwake Jumatatu kujaribiwa. Nilikesha nikipitia nyimbo. Nilipofika hakunionyesha hata gitaa. Alinipa waya uliokatika, kipande cha risasi ya kuungia nyaya na pasi ya kuchomea.

"Mzee, mimi nimekuja kupiga besi," nikasema.

"Hii ndiyo besi," akajibu. "Ile yenye nyuzi ni urembo."

Nilichomea waya huo mara sita kabla hajauridhia. Wadogo zangu, nendeni na nyaya mbili kila mahali, na ile ya akiba iwe mmeijaribu nyumbani. Kama gitaa lako linatumia betri, chomoa waya kila unapomaliza kupiga, kwa sababu waya ukibaki umechomekwa betri inaendelea kuliwa hata ukiwa umelala. Mkienda kupiga kwenye hoteli za ukingoni mwa kreta kule juu Ngorongoro, fikeni mapema, fungueni begi, mliache gitaa lizoee baridi kwa saa nzima ndipo mkaze nyuzi. Ukikaza ukitoka kwenye joto la gari, wimbo wa pili utakuwa unapiga besi ya bendi nyingine. Na umeme ukiwa wa jenereta, gusisha uzi wa gitaa kwenye maiki kabla hujapeleka mdomo. Cheche ikiruka, usipige kitu mpaka fundi atafute tatizo liko wapi. Mimi niliwahi kubusu maiki ya namna hiyo. Niliimba vibwagizo vyote vya siku ile kwa mdomo uliovimba.

Kazi ngumu ya kwanza niliyoipata na Mzee Shabani ilikuwa Wasso, ng'ambo ya Ngorongoro, kwenye harusi ya mtoto wa mfugaji mmoja mkubwa. Tulifunga spika mbili pembeni mwa turubai, moja kulia na moja kushoto. Tulipojaribu, Deo, mpiga solo wetu, alikwenda kukaa katikati, mahali walipopangiwa wazee wa bwana harusi. Akanyoosha mkono. "Dada Paulina, mbona hupigi?" Nilikuwa napiga. Akasogea pembeni: "Eh, sasa unapiga." Akarudi katikati: "Umeacha tena." Nikadhani ananitania. Nikamwachia gitaa, nikaenda mwenyewe, na kweli, pale katikati besi ilikuwa imetoweka kana kwamba imeingia shimoni. Ukienda hatua tano kulia, ipo. Ukienda kushoto, ipo.

Mzee Shabani alikwenda kwenye amplifaya. Alizima spika ya kushoto. Besi ikarudi katikati, nene, kubwa. Yaani spika moja ilikuwa na sauti kuliko mbili. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi, maana hesabu ya namna hiyo sikuwahi kufundishwa. Akabadilisha nyaya za spika, ya kulia akaipeleka kushoto na ya kushoto kulia, akajaribu tena. Mwisho akafungua waya mmoja, akatuonyesha: mtu aliyeuchomea alikuwa amegeuza nyuzi zake mbili za ndani. Kwa hiyo spika moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta, na pale katikati zinafutana.

"Badilisha kitu kimoja kimoja," alituambia akiwa anachomea upya. "Ubovu ukihama pamoja na kile ulichokihamisha, basi hicho ndicho kibovu. Ukibaki palepale, angalia kilichobaki palepale. Na usimlaumu mtu kabla hujamaliza kubadilisha."

Nilikariri sehemu ya kwanza. Ile ya mwisho niliisikia tu.

Mzee Shabani alirudi Singida alipozeeka kabisa, na huko ndiko alikozikwa. Bendi ikabaki kwa Deo, besi ikabaki kwangu. Tukapata fundi wa sauti mpya, Saning'o, Mmaasai wa Wasso aliyesomea mitambo Arusha. Alikuwa na umri wa mtoto wangu wa kwanza, mpole, hasemi mpaka asemeshwe. Mama yake alikuwa anamshonea shanga, naye akazifunga kwenye ncha za nyaya zetu: nyekundu za waimbaji, bluu ya besi, nyeupe za dramu. Tangu siku hiyo hatukupoteza tena muda kufuatilia waya upi unakwenda wapi. Mambo kama hayo ndiyo niliyoyasahau kwa haraka nilipoanza kumchukia.

Ilianza kidogo kidogo. Besi yangu ikawa inasikika kama mtu anayezungumza ana ugali mdomoni. Nikamwambia Saning'o aniongezee ule upande mkali wa sauti kwenye spika yangu ya jukwaani. Akaongeza. Wiki iliyofuata nikamwambia tena.

"Mama, huku mbele iko sawa," akasema. "Imeanza hata kuchoma kidogo."

"Huku nilipo haiko sawa."

"Sawa, mama." Akaongeza.

Nikabadilisha nyuzi. Nikabadilisha betri. Nikachomea upya waya, nikabadilisha tundu la kuchomekea, nikaazima gitaa la kwaya ya Oldeani. Kuna siku nilijisikia vizuri nikasema nimepata dawa, kumbe siku mbili baadaye ugali uleule. Nikawa naandika kwenye daftari: ukumbi huu, jenereta ile, waya huu, vizuri, ukumbi uleule, jenereta ileile, waya uleule, vibaya. Niligeuza daftari lile kila upande, halikuwa na maana. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwahi kukutana na ubovu usio na tabia.

Halafu ikaja filimbi. Tulikuwa tunajaribu mitambo saa nne asubuhi kwenye hoteli moja ya Karatu, nikasikia filimbi nyembamba, ile ambayo maiki hupiga ikitazamana na spika. Nikamwita Saning'o. Akazima maiki moja baada ya nyingine.

"Bado, mama?"

"Bado."

Akazima mixa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Akazima amplifaya zote. Mwisho akaenda kuchomoa waya mkubwa ukutani. Ukumbi mzima ukawa kimya, wahudumu wakawa wanatutazama. Mimi nilikuwa bado naisikia. Saning'o alisimama na ule waya mkononi, ananiangalia.

"Itakuwa friji ya jikoni," nikasema.

"Itakuwa friji, mama," akasema taratibu, akaurudisha waya.

Wadogo zangu, mtashangaa mtu aliyefundishwa na Mzee Shabani alishindwaje kuona. Nami ninashangaa. Lakini wakati ule nilikuwa nimeshasikia jambo jingine: kwamba Saning'o ana binamu yake huko Wasso, anapiga besi, na amewahi kuuliza kama Karatu kuna nafasi. Basi kila kitu kikapata maelezo. Saning'o ananipunguza makusudi. Ananiharibia pale jukwaani ninaposimama mimi tu, huku mbele anaacha vizuri, ili nionekane mzee aliyechoka na binamu aje. Nikawa namtazama kila anapogusa mixa. Kijana aliponiamkia asubuhi nilimwitikia huku natafuta kosa kwenye vidole vyake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, harusi kubwa hapa Karatu mjini. Wimbo wa kumwingiza bibi harusi tulikuwa tumezoea kuupiga kwenye ufunguo wa D. Mwimbaji wetu koo lilimkauka, Deo akaamua palepale kuushusha. Akageuka akatutamkia ufunguo mpya: "Bi!" Mimi nikasikia "Di", nikaona hakuna kilichobadilika. Dramu ikahesabu. Mlango ukafunguliwa, bibi harusi akaweka mguu wake wa kwanza ndani, na bendi nzima ikaanza kwenye B, mimi nikaanza kwenye D, kwa nguvu, kwa imani.

Kama hujawahi kusikia kitu hicho, usiombe. Bibi harusi alisimama. Nyuso zote ukumbini zikageukia jukwaani. Nilihangaika kutafuta walipo wenzangu, nikapapasa, nikawapata ubeti wa pili. Wimbo ukaisha. Nikashika maiki yangu ya kuitikia, nikamnyooshea kidole Saning'o aliyekuwa kule mwisho wa ukumbi kwenye mixa, na hedifoni kichwani.

Nikasema: "Huyu kijana ndiye anayeniharibia. Ananizimia sauti nisisikie wenzangu, anataka kumleta ndugu yake. Kama mnataka harusi ya heshima, mwondoeni."

Watu walikuwa wananitazama. Mshereheshaji akadakia haraka, akaanza kuita vigelegele kwa maharusi. Deo akanivuta mkono. Saning'o hakuondoka mahali pake. Alimaliza harusi yote, akakunja nyaya, akazipanga kwenye sanduku kwa rangi za shanga zake, akamkabidhi Deo ufunguo wa stoo. Akaja kwangu akasema, "Kwaheri, mama." Jumatatu alipanda basi la Wasso. Deo alikuwa na nafasi ya kumzuia, hakumzuia. Alichagua mkongwe wa bendi, nami niliona ni haki.

Tukaleta fundi mwingine. Ugali ukabaki mdomoni. Tukaleta wa tatu. Filimbi ikabaki. Nikaanza kujiuliza kama Saning'o alituachia dawa ya kienyeji kwenye spika. Msicheke. Mtu akiwa hataki kujitazama, huwa anatazama mpaka kwa waganga.

Jibu lilikuja mchana mmoja wa mazoezi. Deo alikuwa amerekodi wimbo kwenye simu, akanipa hedifoni zake ndogo za masikioni nisikilize. Nikaweka.

"Deo, hii ya kushoto imekufa."

"Nzima hiyo, dada. Ni mpya."

Mkono wangu ulifanya kazi uliyofundishwa, bila kuniuliza. Nilitoa ya kulia nikaiweka kushoto, ya kushoto nikaiweka kulia. Kama hedifoni ni mbovu, ubovu ungehama. Haukuhama. Upande wa kushoto ulikuwa umekufa vilevile. Nikazirudisha. Nikazibadilisha tena. Nikafanya hivyo mara nne, na kila mara ubovu ulibaki palepale, na kilichobaki palepale kilikuwa kichwa changu.

Nikainua macho. Deo alikuwa anatazama viatu vyake.

Daktari wa masikio kule Arusha alinifungia kwenye kichumba, akanipigia vilio vyembamba na kuniambia niinue mkono nikivisikia. Baadaye nilijua kuna dakika nzima sikuinua. Alinieleza kwamba sikio la kushoto limeharibika sana na la kulia linafuata, kwamba sauti nyembamba huondoka kwanza, na kwamba herufi kama b na d, s na f, zinatenganishwa na hizo sauti nyembamba. Filimbi ilikuwa ya kichwani mwangu. Akaniuliza huwa ninasimama wapi kazini. Nikamwambia: miaka yote, dramu kushoto kwangu, ile sahani kubwa ya shaba usawa wa sikio. Akaandika. Hairudi, alisema.

Kwa hiyo shauri langu la vifaa, lile la maana kuliko gitaa na amplifaya, ni hili: nunueni vizibo vya masikio vya wanamuziki, mvae tangu leo mkiwa mnasikia vizuri. Sogeeni mbali na sahani za dramu, au badilishaneni pande. Ukirudi nyumbani masikio yanalia, usiseme ni kawaida. Na ukihitaji kujisikia zaidi, kwanza omba wengine wapunguze.

Nilipanda basi la Wasso Ijumaa. Lilipita ukingoni kwenye ukungu, likashuka upande wa pili kwenye vumbi, na njia nzima nilikuwa napanga maneno nikayapoteza kwenye kila korongo. Nililala kwa mwenyeji, asubuhi nikaelekezwa kibanda karibu na soko. Saning'o alikuwa anatengeneza simu na redio za sola. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni na shanga zake.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia.

Saning'o akasimama. "Shikamoo, mama." Akanipa kigoda chake.

Nikamwambia yote, mbele ya mama yake, kwa sababu nilimkosea mbele za watu. Nikamweleza hedifoni, nikamweleza daktari. Nikasema, "Mwanangu, nilikusingizia. Nakuomba msamaha."

Aligeuza bisibisi mkononi.

"Mimi nilijua, mama," akasema.

"Ulijua nini?"

"Masikio. Tangu siku ile ya filimbi. Nilichomoa umeme wote na bado ulikuwa unaisikia."

Nilihisi kama kigoda kimezama. "Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Wewe ni mkubwa wangu. Nikwambie, mama, masikio yako yamekufa, na kazi yako ni masikio?" Akatikisa kichwa. "Nilimwambia kaka Deo. Akasema niache, atatafuta wakati mzuri wa kukwambia."

Sikujua nimkasirikie nani. Nilikuja na kosa langu moja, nimelifunga vizuri kama mzigo, sasa likafunguka likawa la watu watatu. Aliyejua hakusema. Aliyeambiwa akanyamaza, na akamwacha asiye na kosa aondoke. Na mimi niliyepiga kelele kuliko wote ndiye niliyekuwa sijui kitu. Nikamuuliza Saning'o kama ananisamehe. Akasema amenisamehe siku nyingi, ila Karatu harudi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alinialika kanisani kwao, anakoshughulikia mitambo. Ndipo nilipomwona yule binamu, mwenye besi. Alikuwa mrefu, mtanashati, na hakuweza kupiga mapigo manne bila kupotea. Vidole vyake nilivisoma kwa macho tu, sikuhitaji masikio. Huyu ndiye niliyekuwa naogopa atachukua nafasi yangu! Nilicheka mpaka Saning'o naye akacheka. Baada ya ibada tulikaa naye saa mbili: mimi nikimwelekeza mkono, Saning'o akisikiliza na kunionyesha kwa kidole gumba kama imekaa sawa. Alipata wimbo mmoja. Wa pili sikuahidi.

Niliporudi nilimkabili Deo. Hakukana. "Nilidhani nikikwambia utaacha," akasema. "Na bendi bila wewe sikuiona."

"Na Saning'o?"

"Nilidhani atarudi mwenyewe baada ya wiki." Akajifuta uso. "Dada, nilikuwa sijui nifanye nini."

Huyo ni rafiki yangu wa miaka mingi. Kuna siku ninamwelewa, na kuna siku nikimwona ng'ambo ya barabara ninageukia dukani. Nimewaambia ukweli kwa kuwa mnafanya naye kazi, na yeye mwenyewe aliniruhusu niandike.

Nikaamua kuacha besi. Kabla ya kuacha, niliomba nafasi ya matangazo kanisani hapa Karatu, kwa sababu wengi waliokuwa kwenye harusi ile wanasali pale. Nikasimama mbele, nikasema nilimsingizia Saning'o hadharani, na ninamsafisha hadharani. Watu walisikiliza kwa adabu, lakini nyuso zao zilikuwa za watu wanaosubiri kuelezwa.

Tulipotoka, shangazi wa yule bibi harusi alinishika mkono, akaja upande wangu wa kulia.

"Mama Paulina, ulimsingizia wapi?"

"Kwenye harusi yenu. Nilivyosema kwenye maiki."

"Maiki gani? Siku ile tulikuona unanyoosha kidole na midomo inacheza, sauti haikuja. Tulidhani unamwelekeza fundi. Mshereheshaji naye akaendelea."

Nilisimama pale uani kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Maiki ilikuwa imezimwa. Nilikuwa nimeshika maiki iliyokufa, nikawa ninajisikia mwenyewe nikadhani nasikika ukumbi mzima. Na mtu pekee aliyeweza kuizima alikuwa na hedifoni kichwani, zile zinazomletea fundi hata maiki iliyozimiwa spika, ananisikia ninavyomharibia jina, kidole chake kwenye mixa. Wasiosikia walikuwa mia kadhaa. Waliosikia walikuwa bendi, na yeye.

Jioni ile nilimpigia simu, nikaiweka sikio la kulia.

"Saning'o, siku ya harusi ulinizimia maiki?"

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unajikinga, au ulikuwa unanikinga mimi?"

Akacheka kidogo. "Ulikuwa umeisogeza karibu na spika, mama. Ingepiga filimbi."

Inawezekana. Kifundi ni jibu sahihi, fundi yeyote mzuri angefanya hivyo. Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile na sijui kama ni la kweli au ni la adabu. Nilimwambia asante. Naye akasema neno ambalo sikulishika. Zamani ningeitikia tu, "Haya, sawa," nikakata simu.

"Mwanangu," nikasema, "rudia. Sijasikia."

Akarudia, polepole. Alikuwa amesema, "Karibu tena Wasso."